Skuta Iliyooshwa Kila Siku

Siku ya kuniaga mlininunulia soda na biskuti, mkanisomea hotuba ambayo nusu yake, wallahi, ilimhusu mtu mwingine. Mimi sijapata kuwa "mcheshi na kipenzi cha wateja." Wateja walinikimbia, na wazee wa mji huu wanalijua hilo. Lakini hotuba ilipokwisha, mmoja wenu aliniuliza swali la maana. Alitaka kujua kwa nini mimi, niliyefunzwa kupima skuta kuukuu kabla watu hawajazinunua, nilimalizia kazi yangu uani mwa gereji nikiziba pancha na kutengeneza pampu za baiskeli. Nilimjibu kwamba chai inapoa. Sasa nina nafasi, wala sina tajiri wa kumwogopa, kwa hiyo nitamjibu.

Niliingia gereji ya Bwana Hasmukh hapa Malindi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Bwana Hasmukh alizaliwa mji huu huu, nyuma ya duka la nguo la baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wenu. Siku yangu ya kwanza nilivaa shati jeupe alilonipigia pasi mama. Bwana Hasmukh akanionyesha skuta iliyoegemezwa ukutani, akasema nimwambie ina ugonjwa gani. Nikaipiga kiki, ikawaka mara moja. Nikasema ni nzima.

"Umesikiliza injini," akasema. "Injini hata mnunuzi anaisikia. Wewe nakulipa ya nini? Lala chini."

Nikalala chali kwenye sakafu ya mafuta na shati langu jeupe. Huko chini nikaona kwamba sakafu ya kukanyagia ilikuwa imeliwa na kutu hadi mwanga ulipita. Mama alilifua shati lile kwa majivu, kwa ndimu na kwa dua, na halikutakata tena. Tangu hapo nilikuja kazini na nguo chakavu, na tangu hapo nilijua kwamba kazi yetu iko upande ule ambao muuzaji hakuupaka rangi.

Lazima niwaeleze, maana nyinyi mmezikuta pikipiki zimejaa kila kona. Siku zile skuta kuukuu ilikuwa jambo kubwa katika maisha ya mtu. Mwalimu, karani, mpishi wa hoteli, alijinyima muda mrefu ndipo akainunua. Basi alimleta muuzaji na skuta yake hapa kwetu, sisi tukaipima mbele ya wote wawili, tukatoa neno. Wauzaji walikuwa na nyimbo zao. Wimbo mkubwa ulikuwa "hii ilikuwa ya Mtaliano," kana kwamba kutu ikimwona Mtaliano huona haya.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Nilikuwa na sumaku niliyoizungushia kitambaa cha fulana ili isikwaruze rangi. Niliipitisha juu ya bodi taratibu, na pale ilipokataa kushika nilijua bati halipo, pamezibwa kwa plasta na kupakwa rangi juu yake. Nilikuwa na spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha, ya kudungia mahali ambapo jicho halifiki. Nilikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, cha kutazamia chini ya shingo ya usukani. Na nilikuwa na ulimi. Msicheke. Nililowesha kidole, nikakipitisha ndani ya ukingo wa bodi, nikakionja, kisha nikatema. Chumvi haifichiki. Wenye skuta walinitazama kwa kinyaa, na mwezi wa Ramadhani nilimwachia Bwana Hasmukh kazi hiyo, naye aliifanya huku akinung'unika kwamba dini yangu inamlisha kutu.

Halafu kulikuwa na vyeti. Muuzaji alikukunjulia cheti cha ukaguzi kama anakunjua hati ya nyumba, na cheti kilikuwa cha kweli kabisa. Lakini mkaguzi alitazama taa, breki, honi na tairi, kwa siku ile moja. Kwa siku moja mtu anaweza kuazima tairi. Nilizijua tairi mbili hapa mjini zilizokaguliwa mara nyingi kuliko skuta yoyote, maana ukoo mzima ulikuwa ukipokezana. Kwa hiyo Bwana Hasmukh hakuuliza skuta imekaguliwa lini wala imetembea kiasi gani. Aliuliza ililala wapi. Iliyolala ukumbini mwa nyumba ilikuwa na maisha yake, na iliyolala nje ikitazama bahari ilikuwa na yake. Majirani walilijua jibu kuliko cheti chochote, na muuza kahawa alilijua kuliko majirani.

Mambo hayo nilijifunza kwa raha. Lililonitia uchungu ni wanunuzi. Mtu anakuja keshakubaliana na muuzaji, keshamwambia mkewe, watoto wameshagombania nani atakaa mbele. Anachotaka kwako ni ndiyo. Ukimwambia hapana anakutazama kama umemtukania mama yake. Nimewaambia watu hapana wakanunua hivyo hivyo, kisha skuta ilipokatika sakafu wakaja kunilaumu kwamba sikusema kwa nguvu. Nikajifunza kusema kwa nguvu, na hapo ndipo tunapofika kwa Mzee Kombe.

Mzee Kombe alikuwa msimamizi katika mashamba ya chumvi kule Gongoni. Mgiriama, mrefu, mkavu, mtu wa heshima zake. Binti yake Kadzo alikuwa nesi hapa mjini, naye aliolewa na Katana, mwalimu wa shule ya msingi kule Ganda. Kadzo alikuwa na mtoto mchanga, na kila alfajiri alitoka Ganda na mtoto mgongoni kutafuta usafiri wa kumfikisha kazini. Mzee alipokaribia kustaafu aliamua kumpa mkwewe skuta yake, ili kila asubuhi Katana ampeleke Kadzo na mtoto mjini, kisha arudi kufundisha. Ilikuwa zawadi ya mapenzi. Nataka mkumbuke hivyo, maana mimi sikuwahi kusema vingine.

Siku moja kabla hawajaileta, Kadzo alikuja gereji peke yake, na sare zake za kazi, mtoto mgongoni. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya mama yangu, kisha akasema lililomleta.

"Fundi, kesho baba anakuleteeni skuta. Haji kuipima, aja kusifiwa. Ataka useme mbele ya mume wangu jinsi alivyoitunza."

"Na mumeo asemaje?"

"Mume wangu mbele ya mkwewe hata kukohoa hakohoi. Ameniambia, fundi akiona kitu, amezee, asije akamwaibisha baba. Na baba naye hawezi kumuuliza Katana kama airidhia. Waheshimiana hawa, fundi, waheshimiana mpaka watanizika mimi." Akamgusa mtoto mgongoni. "Mimi ndimi nitakayekaa nyuma. Mimi na huyu. Nakuomba, sema uonalo. Sema wasikie wote wawili, maana ukimwambia mmoja pembeni hatamwambia mwenziwe."

Nikamwambia nitasema. Aliniamkia kwa heshima, ingawa hatukupitana sana kwa umri, akaenda zake kazini.

Kesho yake walikuja. Skuta ilikuwa ya rangi ya samawati, inang'aa. Nimeona skuta za dukani ambazo hazikung'aa namna ile. Mzee Kombe alishuka, akaisimamisha, akatoa kitambaa mfukoni akafuta kioo chake. Katana alisimama nyuma yake, mbali kidogo, mikono imefumbatwa, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe. Wanywaji kahawa wa ng'ambo ya barabara wakasogea na vikombe vyao, kwa sababu mji huu haujapata kupitwa na jambo.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, fundi. Itazame. Mwambie huyu mwanangu kama umeona skuta iliyotunzwa hivi. Naiosha kila siku. Kila siku! Mvua, jua, naiosha. Mama Kadzo aniambia, hata mimi hukunifulia leso yangu siku moja, lakini hiyo waiosha."

Watu wakacheka. Mimi nikauliza, "Waiosha kwa maji gani, mzee?"

"Maji ya pale pale kazini. Tuna kisima."

Hapo nikaujua ugonjwa wake. Nyinyi mnaojua Gongoni mnajua maji matamu yalikuwa shida, ya kunywa yaliletwa, na visima vya kando ya mashamba ya chumvi havikuwa na maji ya kunywewa hata na mbuzi. Mzee wa watu alikuwa ameibembeleza skuta yake kwa maji ya chumvi, kila siku ya Mungu, miaka yote aliyokuwa nayo. Juu aliifuta ikakauka, akaipaka mafuta ikang'aa. Yaliyoingia ndani hayakuwa na mtu wa kuyafuta. Mtu mvivu asiyeosha kitu angekuwa na skuta nzima zaidi.

Nikalala chini. Sumaku ilishika kila mahali, hakuwa amedanganya popote, hakuna plasta wala hila. Nikalowesha kidole nikaonja, na sikuhitaji kuonja mara ya pili. Nikaweka kioo chini ya shingo, pale mlingoti wa usukani unapoungana na bodi, nikaiweka ncha ya spoki na kuisukuma kwa kidole kimoja. Ikazama yote. Bati lilikuwa kama biskuti iliyochovywa chai. Shingo ile ilikuwa imeshikiliwa na rangi.

Nikainuka, nikajifuta mikono. Bwana Hasmukh alinitazama usoni akajua. Nikasema, "Mzee, njoo ndani tunywe chai, tuzungumze."

"Zungumza hapa. Nina siri gani mimi?"

"Mzee, ingekuwa vyema ndani."

"Fundi, nimekuja na mwanangu. Sema asikie."

Nilimtazama Katana. Alikuwa anatazama viatu vyake. Kama angetikisa kichwa, kama angesema "baba, twendeni ndani," basi tungekwenda, na nisingekuwa na haya yote ya kuandika. Lakini hakukohoa. Nikamfikiria Kadzo na mtoto mgongoni kwenye barabara ya Ganda, mashimo yale, nikasema. Nikasema kwamba skuta imekufa shingo, kwamba ni maji ya kisima, kwamba haifai kubeba mtu, hata mmoja. Nikamwonyesha spoki ilivyozama.

"Umeitoboa wewe!" akasema.

"Sikuitoboa, mzee. Ilikuwa tupu."

"Waniambia mimi nimeiharibu kwa kuiosha? Mbele ya mkwe wangu? Mimi nimempa binti yangu kitu kibovu?" Watu wa kahawa walikuwa wameacha kucheka. "Basi nitaipanda mimi. Mtaniona."

"Mzee, usiipande. Itakatika. Ukiipanda itakuua."

Hayo ndiyo maneno yangu, hayakuzidi wala hayakupungua. Aliipiga kiki, ikawaka vizuri, akaondoka nayo. Katana alirudi Ganda kwa miguu, bila kunipa mkono. Kadzo na mtoto hawakuipanda skuta ile hata siku moja, na kama kuna mtu anataka kunipa sifa, sifa ni hiyo, na hakuna aliyenipa.

Kila Ijumaa baada ya hapo Mzee Kombe alitoka Gongoni akavuka daraja la Sabaki, akaja mjini, akapita mbele ya gereji yetu. Akifika mlangoni anapiga honi. Hakugeuza uso. Watu wa kahawa wakawa wananiita, "Fundi, maiti wako anapita!" Nilichukia kicheko kile, lakini ile honi yenyewe nilikuja kuisubiri. Ikichelewa nilikosa raha ya kufanya kazi, na ikilia nilimshukuru Mungu kwamba mtu anayenidhihaki bado ana pumzi za kunidhihaki.

Bwana Hasmukh akaniambia nichukue mitambo ya kuchomelea twende Gongoni, tumfungie shingo mpya bure, sisi ndio tutakaobeba gharama. Tukaenda na gari yake. Tulimkuta nyumbani, ndoo iko kando, anaiosha. Bwana Hasmukh alimwomba kwa adabu zote anazozijua, na alizijua nyingi. Mzee alimkaribisha maji ya kunywa, akamweka kwenye kiti. Mimi aliniambia, bila kupandisha sauti, "Mkono wako hautaigusa tena." Tukarudi na mitambo yetu. Njiani Bwana Hasmukh alisema jambo moja tu, kwamba mtu akikuta aibu na mauti barabarani atakimbia kipi kwanza, kwingine yeye hajui, lakini huku kwetu anajua ni aibu.

Ilikatika kwenye mteremko wa Sabaki, siku ya Ijumaa, akija. Mlingoti ulitoka na usukani wake mikononi mwake. Walioshuhudia walisema hakupiga kelele. Mimi nilikuwa kazini, nimesimama na chombo mkononi, nasikiliza honi.

Nilikwenda matangani. Bwana Hasmukh alinikataza, nikaenda, kwa sababu nilikuwa sina la kuficha. Nilipokaribia walipokaa wanaume, mdogo wake marehemu alisimama akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye. Huyu ndiye aliyemwambia itakuua. Mbele za watu! Nani amwambia mwenziwe hivyo kama hana lake jambo?" Mwingine akasema nililamba kidole nikakipaka kwenye skuta, kwamba waliniona kwa macho yao, na kwamba nilinuia kitu. Ulimi wangu, kazi yangu niliyofunzwa! Nikasema nilikuwa napima chumvi. Nani atamsikiliza mtu akisema habari za chumvi matangani kule Gongoni, ambako kila kitu kina chumvi?

Kadzo alikuwa pale, amekaa na wanawake, kichwa kimefungwa kitambaa. Alisikia kila neno. Nilimtazama. Sikutaka mengi. Nilitaka aseme tu, "Mimi ndimi niliyemwomba aseme." Alinitazama kidogo, kisha akainamisha uso, akamweka mtoto kwenye titi. Katana alikuwa na wanaume. Naye aliheshimu msiba wa mkwewe, kwa hiyo hakusema. Nikaondoka.

Nimesikia watu wakisema nisimlaumu, alikuwa na msiba, na mwanamke anayesema kwamba yeye ndiye aliyemtuma mtu akamtolee baba yake maneno, angekaa wapi? Najua. Nimeyafikiria hayo muda mrefu kuliko wao. Namlaumu hata hivyo.

Baada ya hapo kazi yangu ilikufa. Haikufa kwa kishindo. Watu walikuja gereji wakauliza, "Yule fundi wenu yupo?" Wakiambiwa yupo, wanasema watarudi. Waliopita barabarani na skuta zao walivuka upande wa pili. Mpishi mmoja wa hoteli, mtu niliyempimia skuta yake na kumwambia ni njema, alikuja kuniomba nisiitazame tena. Si nisiipime. Nisiitazame. Wakasema nina kinywa kibaya, nikisema kitu kinakuwa. Na mbaya zaidi, hawakuacha kununua skuta mbovu. Walizinunua bila kupima, kwa sababu kupima sasa kulikuwa ni kutafuta balaa, na zikakatika, na kila ilipokatika moja mahali fulani palikuwa na mtu wa kukumbuka kwamba aliwahi kupita mbele yangu.

Bwana Hasmukh alinitetea kadiri alivyoweza. Kisha siku moja, macho yake yakitazama kwingine, akaniambia baiskeli zimezidi uani na hakuna wa kuziangalia. Nikabeba vyombo vyangu nikaenda uani. Sikumwuliza kitu, naye hakunieleza, na tulifanya kazi pamoja vizuri mpaka alipofariki. Yule aliyeniuliza swali, basi jibu lako ni hilo.

Lakini liko jambo moja zaidi, na hili sijamwambia mtu. Kabla miaka ile ya themanini haijaisha, nilikuwa nimetoka mbele kuazima bisibisi, nikasikia skuta ikikohoa barabarani na kuzimika mbele ya mlango wetu. Nikatazama. Alikuwa Kadzo. Alikuwa na sare zake, na yule mtoto, ambaye sasa alikuwa msichana wa kusimama, amekaa nyuma amemshika kiuno. Aliiona gereji, akaniona mimi, akashuka haraka, akamshusha na mtoto. Akaivua leso begani akaitupa juu ya skuta, ikafunika kiti na usukani.

"Fundi," akasema. "Tafadhali. Usiseme kitu."

Macho yangu yalikuwa yameshafanya kazi, maana hayakungoja ruhusa. Leso haikufika chini. Niliona shingo, niliona ukingo wa sakafu, rangi haikuvimba popote, bati kavu na nene. Ilikuwa imelala ndani ya nyumba maisha yake yote. Kwa kile kikohozi nilijua plagi tu ndiyo imelowa, kitu cha kufuta kwa upindo wa shati. Nikafungua kinywa, naye akamvuta mtoto nyuma yake.

Nikafumba kinywa, nikarudi uani. Nilimsikia akiisukuma kwenye mchanga, na leso ikiwa bado juu yake, na mtoto akimwuliza kwa nini hawampi fundi aitengeneze. Ilikuwa nzima skuta ile, nzima kabisa, ya kumbeba yeye na mwanawe miaka mingi bila hofu, na hilo tu ndilo nililotaka kumwambia.